Kichocheo, Msawazo na Mwafaka: Istilahi Tatu Katika Historia ya Amonia

Mezani petu uliletwa muswada wa kijitabu kilichokusudiwa kuwaeleza mabwana shamba na walimu jinsi mbolea za chumvichumvi zinavyotengenezwa viwandani. Tulitakiwa tupitie istilahi tu. Katika sura ya pili tulikuta sentensi hii: kichocheo huongeza amonia ipatikanayo, na mmenyuko ukifikia msawazo husimama. Sarufi yake haina dosari, na istilahi zake zote zimo katika orodha tunazozitumia sisi wenyewe. Hata hivyo, kwa mujibu wa kemia, sentensi hiyo ina uongo mara mbili. Tulipomwuliza mwandishi ameyapata wapi maelezo hayo, alijibu kwa adabu kwamba ameyapata katika maneno yenyewe: kichocheo si chenye kuchochea, na kilichosawazika si kimetulia?

Jibu hilo lilitufadhaisha, maana lilikuwa na haki ndani yake. Sisi wa kazi ya istilahi tumezoea kudhani kwamba neno likisha kupitishwa na kuchapishwa, wajibu wetu umekwisha. Katika makala haya twataka kuifuata historia ya utengenezaji wa amonia, ambayo ndiyo historia mashuhuri kuliko zote za mmenyuko uliobuniwa maabara na kurekebishwa hadi ukawa kazi ya kiwanda. Tutaona kwamba maswali mawili, yaani mmenyuko waweza kufika wapi na waweza kufika kwa kasi gani, yalitenganishwa kwa taabu kubwa na watu wenye akili nyingi. Mfasiri anayeyachanganya kwa neno moja humrudisha msomaji wake nyuma ya mwaka 1904.

Tuanze na haja yenyewe. Mwaka 1898 mwanakemia wa Uingereza, William Crookes, alihutubia mkutano wa wanasayansi mjini Bristol akaonya kwamba mataifa yanayokula ngano yataishiwa chakula iwapo hayatapata chanzo kipya cha naitrojeni kwa ajili ya mashamba. Wakati huo Ulaya ilitegemea sana shura iliyochimbwa katika jangwa la Atacama, nchini Chile. (Neno shura ni la zamani katika lugha yetu, na wazee walilijua kwa sababu ya baruti. Twashangaa kuona watafsiri wakiliacha na kuandika maneno marefu ya kigeni pale ambapo hili moja lingetosha.) Hewa tunayoivuta ina naitrojeni ipatayo sehemu 78 katika mia, lakini atomu zake zimeshikana mbili mbili kwa nguvu nyingi mno, na mmea hauwezi kuitumia ikiwa katika hali hiyo. Wajerumani huiita Stickstoff, yaani kitu chenye kusonga pumzi, na Wafaransa azote, kitu kisicho na uhai. Majina yote mawili yalitungwa kwa kuangalia mnyama anavyokufa ndani ya gesi hiyo, na yote mawili hayasemi lolote juu ya kazi yake katika ngano na mahindi. Tunalitaja hilo ili tusijione wanyonge mno: istilahi za wenzetu nazo zina makosa ya kuzaliwa nayo.

Kuunganisha naitrojeni na hidrojeni kupata amonia kwaonekana rahisi katika karatasi. Molekuli moja ya naitrojeni na tatu za hidrojeni hutoa mbili za amonia. Wengi walijaribu katika karne ya 19 wasifaulu. Mwaka 1900 Wilhelm Ostwald, aliyekuwa miongoni mwa wanakemia wakubwa wa Ujerumani, alitangaza kwamba amefaulu kwa kupitisha gesi hizo juu ya waya wa chuma uliopashwa moto, akakipelekea habari hiyo kiwanda cha BASF kule Ludwigshafen. Kiwanda kilimpa kazi ya kuhakikisha kijana mmoja aliyeajiriwa mwaka uliotangulia, Carl Bosch. Kijana huyo alirudia jaribio, akagundua kwamba amonia ile haikutoka katika gesi zilizopitishwa bali ilitokana na naitrojeni iliyokwisha kushikwa na chuma chenyewe kabla ya jaribio. Ostwald alikasirika, lakini mwishowe aliondoa ombi lake la hataza. Kinachotuhusu hapa ni kwamba Ostwald ndiye mtu aliyelipa neno la kichocheo maana yake ya leo. Ikiwa yeye alidanganywa na waya wa chuma, mwandishi wa muswada wetu si wa kulaumiwa sana.

Ama kuhusu neno hilo, lilitungwa kwa Kigiriki na Berzelius wa Sweden mwaka 1835, na kwa asili maana yake ni kulegeza au kufungua. Berzelius alidhani kuna nguvu ya pekee inayoamsha vitu vilivyolala. Ilipita miaka karibu sitini kabla Ostwald hajasema waziwazi kwamba kichocheo hubadili kasi ya mmenyuko tu, na chenyewe hakimo katika kinachopatikana mwishoni. Maana iligeuzwa, neno likabaki. Kiswahili kimechagua kitenzi chochea, na kwa maoni yetu kimechagua vizuri kuliko Kigiriki, mradi tukumbuke ni kuchochea kupi. Anayechochea moto jikoni haongezi kuni. Kuni ni zile zile na majivu yatakuwa yale yale, ila chakula kitaiva mapema. Maana hiyo ndiyo ya kemia. Lakini kuna kuchochea kwingine, kule kwa fitina na ghasia, ambako mchochezi huzusha jambo ambalo pasipo yeye lisingalitokea, na hiyo ndiyo maana iliyomteka mwandishi wetu. Aidha, neno hilo hilo kichocheo limekwisha kutumiwa na watu wa elimu ya viumbe kwa kitu kinachoamsha hisi, na walimu wengine huielezea homoni kwa neno hilo. Wachumi nao wamelichukua. Kimeng'enya, ambacho kwa hakika ni kichocheo cha kikemia ndani ya mwili, kimepata jina la peke yake, na hivyo msomaji haoni kwamba ni cha ukoo mmoja na kile cha kiwandani.

Sasa turudi Ujerumani. Mwaka 1904 Fritz Haber, aliyekuwa akifundisha katika chuo cha ufundi cha Karlsruhe, alianza kulipima swali la kwanza peke yake: mmenyuko huu wafika wapi? Alipasha gesi hadi karibu nyuzi 1,000 za Selsiasi, kwa kanieneo ya kawaida ya hewa, mbele ya chuma. Werevu wake ulikuwa katika kulifikia jibu kwa njia mbili. Kwanza aliipitisha amonia juu ya chuma ikavunjika, akapima kiasi kilichosalia. Kisha akazichukua naitrojeni na hidrojeni zilizotokana nayo, akazipitisha tena juu ya chuma, akapima amonia iliyozaliwa. Vipimo viwili vikakaribiana: takriban sehemu moja tu katika 10,000. Hapo ndipo msawazo ulipo, mahali ambapo atokaye mbele na atokaye nyuma hukutana.

Wala hapo hakuna kitu kilichosimama. Msomaji wa Dar es Salaam na afikirie kivuko kati ya Magogoni na Kigamboni. Ikiwa kila saa watu wanaovuka kwenda ni sawa na wanaovuka kurudi, hesabu ya watu wa ng'ambo zote mbili haibadiliki, na mtu aliye mbali angeweza kusema hapana safari. Lakini chombo hakijatia nanga hata kidogo. Amonia huzaliwa na kuvunjika kwa kasi moja, na hiyo ndiyo maana ya msawazo wa kikemia. Tukikiongezea kivuko injini, au tukaweka viwili badala ya kimoja, watu watavuka upesi zaidi pande zote mbili. Hesabu ya mwisho ya watu wa Kigamboni haitaongezeka kwa sababu ya injini. Injini hiyo ndiyo kichocheo. Kwa mfano huu sentensi yote ya muswada yaanguka, nusu ya kwanza na nusu ya pili.

Msawazo una ugumu wake mwingine katika madarasa yetu. Walimu husema wanasawazisha mlinganyo, wakiwa na maana ya kuhesabu atomu ziwe sawa pande zote mbili za mshale. Hiyo ni kazi ya kalamu, na haihusiani na kile kinachotokea ndani ya chombo. Mwanafunzi aliyesikia kusawazisha asubuhi na msawazo mchana hudhani ni jambo moja. Vibaya zaidi, orodha nyingine zimetumia mlingano kwa maana ya msawazo, huku mlinganyo ukiwa ndio ule wa hesabu, na tofauti ya maneno hayo mawili ni herufi moja ambayo mpiga chapa mwenye haraka haioni. Tunapendekeza kusawazisha mlinganyo kuachwe, na badala yake isemwe kulinganisha pande za mlinganyo, ili msawazo ubaki na kazi moja.

Sehemu moja katika 10,000 haijengi kiwanda. Haber mwenyewe alikata tamaa akaliacha jambo hilo. Aliyemrudisha ni mpinzani wake, Walther Nernst, aliyetumia nadharia yake ya joto kukokotoa kwamba hata kiasi hicho kidogo kimetajwa zaidi ya ukweli. Walipambana hadharani mjini Hamburg mwaka 1907 katika mkutano wa wanakemia. Haber aliona haya, akarudi maabara pamoja na msaidizi wake Robert Le Rossignol, mzaliwa wa kisiwa cha Jersey na fundi hodari wa vali. Nernst alikuwa amepima kwa kanieneo kubwa ili amonia iwe nyingi na kipimo kiwe sahihi. Haber akaona kwamba hiyo yenyewe ndiyo njia. Kanuni ilikwisha kutolewa na Le Chatelier wa Ufaransa mwaka 1884: mfumo ulio katika msawazo ukisukumwa, hujongea upande wa kupunguza msukumo huo. Molekuli nne za gesi zikigeuka mbili, nafasi yapungua, na kwa hiyo kushindilia gesi huupeleka msawazo upande wa amonia. Na kwa kuwa mmenyuko hutoa joto, kupoza nako huupeleka upande huo huo.

Hesabu zilizopatikana baadaye zafaa zitajwe. Kwa kanieneo ya angahewa 200, msawazo katika nyuzi 200 una amonia ipatayo sehemu 86 katika mia. Katika nyuzi 400 ni kama sehemu 36, na katika nyuzi 500 ni kama 18. Kwa kanieneo ya kawaida ya hewa, katika nyuzi 500, haifiki hata sehemu moja katika mia. Anayesoma hesabu hizi atasema: basi fanyeni kazi katika nyuzi 200. Ndipo swali la pili linapodai haki yake. Katika nyuzi 200 mmenyuko ule ulikwenda polepole mno usiweze kumfaa mwenye kiwanda. Baridi yaleta wingi, joto laleta kasi, na mtu hawezi kuvipata vyote viwili kwa ukamilifu.

Hapa twafika kwenye istilahi ya tatu. Hali ya kazi iliyochaguliwa kati ya madai hayo mawili huitwa na Wazungu kwa neno la Kilatini lenye maana ya bora kuliko yote. Watafsiri wetu, wakiifuata asili, huandika halijoto bora kabisa. Ni tafsiri sahihi ya neno na ni tafsiri mbaya ya dhana, maana halijoto iliyochaguliwa haikuwa bora kwa wingi wala haikuwa bora kwa kasi. Ilikuwa ya kupatana. Kiswahili kina neno la jambo hilo, nalo ni mwafaka. Wasomaji wa magazeti watakumbuka mapatano ya vyama vya CCM na CUF huko Zanzibar, mwaka 1999 na tena 2001, yaliyoitwa kwa jina hilo. Kila upande uliacha kitu. Halijoto mwafaka nayo ni ile ambayo wingi umeacha kitu na kasi imeacha kitu, na mwenye kiwanda akaridhika. Twaona kwamba kwa neno hili Kiswahili kimeitangulia Kilatini.

Haber alitafuta kichocheo kitakachomruhusu kushusha joto, akakipata mwaka 1909 katika metali iitwayo osmiamu. Tarehe 2 Julai mwaka huo watu wa BASF walikuja Karlsruhe kutazama. Bolti moja ya mtambo ilikatika wakati wa kuikaza, kazi ikachelewa, na Bosch akaondoka. Waliosubiri hadi mchana, Alwin Mittasch na fundi Julius Kranz, waliiona amonia ya maji ikipanda katika bomba la kioo. Jambo lililowashawishi lilikuwa ule mzunguko: gesi hupita juu ya kichocheo, amonia kidogo huzaliwa, hupozwa ikawa maji na kuondolewa, na gesi iliyosalia hurudishwa pamoja na gesi mpya. Mpishi anayekamua nazi mara ya pili na ya tatu ataelewa, ingawa nazi huishiwa na mzunguko huu hauishi maadamu gesi mpya yaingizwa. Hivyo msawazo mdogo haukuwa tena kizuizi. Kila mpito ulitoa sehemu chache tu katika mia, na kiwanda kikatosheka.

Osmiamu ni adimu mno duniani. Mittasch akapewa kazi ya kutafuta kingine. Alianza na chuma, ambacho kikiwa safi hakikufaa, lakini mawe ya chuma kutoka Sweden yalifanya kazi vizuri ajabu. Akawaza kwamba siri iko katika uchafu wake. Hadi mapema mwaka 1912 yeye na wenzake walikuwa wamejaribu michanganyiko ipatayo 2,500 katika majaribio 6,500 hivi, wakaishia na chuma chenye alumina na potasi kidogo. Mchanganyiko wa jamii hiyo ungali ukitumika viwandani.

Bosch alikuwa na tatizo la namna nyingine. Mabomba yake ya chuma cha pua yalipasuka baada ya saa 80 hivi. Neno letu kanieneo, lililoungwa kwa kani na eneo, laeleza hatari hiyo vizuri kuliko shinikizo: angahewa 200 ni kama uzito wa kilo 200 juu ya kila sentimeta moja ya mraba. Lakini kanieneo haikuwa mkosaji peke yake. Hidrojeni yenye joto ilipenya ndani ya chuma na kuiondoa kaboni inayokipa nguvu, chuma kikawa cha kuvunjika. Mwaka 1911 Bosch alitia ndani bomba la chuma laini lisilo na kaboni, akalizungushia la chuma cha pua lililotobolewa vitundu vidogo, ili hidrojeni inayopenya bomba la ndani itoroke bila kudhuru la nje.

Kiwanda cha Oppau kilianza kazi Septemba 1913. Mwaka uliofuata vita vilianza, meli za shura ya Chile zikazuiwa, na amonia iliyokusudiwa ngano ikageuzwa kuwa asidi ya naitriki ya kutengenezea baruti. Haber aliongoza pia matumizi ya gesi ya klorini kule Ypres tarehe 22 Aprili 1915. Alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1918 kwa ajili ya amonia, na wengi walinung'unika. Bosch alipata ya kwake mwaka 1931. Na tarehe 21 Septemba 1921, hapo Oppau, rundo la mbolea iliyogandamana lililipuka wafanyakazi walipolilegeza kwa baruti, kama walivyokuwa wamefanya mara nyingi bila madhara. Watu zaidi ya 500 walikufa. Tangu siku tuliposoma habari hiyo hatukubali tena mtu atuambie kwamba maneno ya kijitabu cha mbolea ni mambo madogo.

Kwetu Afrika ya Mashariki habari hii haiko mbali. Kiwanda cha mbolea cha Tanga, kilichoanza uzalishaji mwaka 1972 na kufungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, kilitegemea malighafi kutoka nje, amonia ikiwa mojawapo. Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974, na katika miaka ya 1980 palikuwa na mpango wa kuitumia kutengenezea amonia Kilwa. Kiwanda hicho hakikujengwa. Gesi ile ilianza kutumika mwaka 2004, kwa umeme hasa. Siku kiwanda cha namna hiyo kitakapojengwa, maelekezo yatawajia mafundi kwa lugha za kigeni, na mtu atapewa siku chache ayatafsiri.

Muswada tuliurudisha na sentensi hii mahali pa ile ya kwanza: kichocheo huufikisha mmenyuko kwenye msawazo mapema bila kuuhamisha msawazo wenyewe, na katika msawazo amonia huendelea kuzaliwa na kuvunjika kwa kasi moja. Mwandishi aliikubali nusu ya pili mara moja. Juu ya nusu ya kwanza ametuandikia barua akisema kwamba mtu wa kiwandani, anayehesabu tani za siku moja, huona kwa macho yake amonia ikiongezeka kwa sababu ya kichocheo. Kwa siku moja asemayo ni kweli. Tumemjibu aongeze maneno "kwa muda ule ule", na tunangoja jibu lake.